Urquhart hakuruka: kisa cha paa la Bunge kwenye House of Cards ya 1990

Watu wawili wako juu ya paa la Bunge la Uingereza. Mmoja ni mzee wa heshima, suti imenyooka, nywele zimelala, kabakiza hatua moja tu awe waziri mkuu. Mwingine ni binti, mwandishi wa habari, na ameshaunganisha vipande vyote, anajua nani kachafuliwa jina, nani kauawa, na mkono wa nani ulikuwa nyuma ya yote. Sasa ukisoma riwaya iliyotoka 1989, anaeanguka ni yule mzee, anaruka mwenyewe. Ukiangalia tamthilia ya BBC iliyotoka mwaka uliofuata anaeanguka ni binti, na hakuruka, katupwa.

Kitabu kilekile, wahusika walewale, paa lilelile, ila maiti imebadilishwa. Mi hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu sana, nimeiangalia hii tamthilia mara tatu nzima na ile sehemu ya paa sijui mara ngapi, na kila nikisikia watu wanabishana kwamba tivii imeharibu kitabu fulani akili yangu inarudi hapohapo. Kama hujaiona na hutaki kujua mwisho wake, ishia hapa, kaangalie kwanza, ni episodi nne tu, jioni mbili unamaliza.

Tuweke sawa kwanza, maana wengi huku wakisikia House of Cards wanamkumbuka Frank Underwood wa Netflix, ile sizoni ya Marekani iliyoanza 2013. Ile ni mtoto. Mama yake ni hii ya Uingereza, BBC, ilianza kurushwa Jumapili ya tarehe 18 Novemba 1990 ikaisha tarehe 9 Desemba. Aliyeigiza mhusika mkuu, Francis Urquhart, ni Ian Richardson, mskoti aliyekulia kisanii kwenye jukwaa la Royal Shakespeare Company. Skripti kaandika Andrew Davies. Muongozaji Paul Seed. Na riwaya ni ya Michael Dobbs, ambae hakuwa mwandishi wa vitabu kwa kazi, alikuwa mtu wa ndani kabisa wa chama cha Conservative, mkuu wa watumishi wa chama makao makuu wakati Margaret Thatcher ndo waziri mkuu na mwenye nyumba.

Huyu Dobbs anasimulia mwenyewe jinsi kitabu kilivyozaliwa. Uchaguzi wa 1987, wiki moja kabla ya kura, kura za maoni zikaleta taharuki, Thatcher akamshukia Dobbs vibaya sana mbele za watu. Uchaguzi walishinda, ila yeye akatoka pale na donge. Akaenda likizo na mkewe kisiwa cha Gozo, kule Malta, akawa analalamika kuhusu kitabu alichokuwa anasoma, kwamba ni kibovu, mkewe akamwambia kama unaona kibovu si uandike chako. Akachukua kalamu na chupa ya mvinyo, akakaa, na kitu cha kwanza alichoandika ni herufi mbili, F na U, ambazo kwa Kiingereza ni kifupisho cha tusi. Ndo hizo zikaja kuwa Francis Urquhart. Yaani mhusika alizaliwa kutokana na hasira ya mtu aliyekaripiwa kazini, na ukisoma riwaya unaisikia ile hasira, ni kitabu cha mtu anaejua korido za chama zinanukaje.

Urquhart kazi yake ni mnadhimu mkuu wa chama tawala bungeni, Wakenya wanamwita kiranja. Mabunge yetu yameirithi hii nafasi kutoka hukohuko Westminster, yaani bunge la Uingereza, kwaiyo msomaji wa huku hahitaji kuelezwa sana: ndo mtu wa kuhesabu kura, wa kuhakikisha wabunge wa chama hawatoroki siku ya maamuzi, na ili afanye hivo inabidi ajue kila mmoja anadaiwa nini, analewa wapi, analala na nani. Hasemi sana bungeni. Anajua tu. Waziri mkuu mpya, Collingridge, alimuahidi wizara nzito baada ya uchaguzi, alafu uchaguzi ukaisha akamwambia baki hapohapo ulipo. Kosa hilo. Urquhart anarudi nyumbani, anaongea na mkewe, na kuanzia hapo anaanza kumbomoa Collingridge kwa siri za chama chenyewe, anavujisha hiki kwa waandishi, anafungua akaunti bandia kwa jina la kaka yake waziri mkuu, mlevi wa watu masikini asiye na habari, ananunua hisa za kampuni ya dawa kabla serikali haijatangaza kuiruhusu dawa yake, na ikishalipuka familia nzima ya Collingridge inaonekana ya wezi. Waziri mkuu anajiuzulu. Afu wagombea wenzie wa kiti wanaanguka mmoja mmoja, huyu kwa kanda aliyorekodiwa kitandani, huyu kwa kijana aliyewahi kuwa nae, kila mtu na lake. Mtumwa wake kwenye kazi hizi chafu ni Roger O'Neill, mkuu wa uenezi wa chama, mraibu wa kokeni, ambae Urquhart amemshika pabaya.

Mpaka hapo riwaya na tamthilia zinatembea pamoja kwa kiasi kikubwa. Na mwisho wa riwaya kwa kweli una mantiki yake. Mwandishi wa habari Mattie Storin anafika mbele ya Urquhart na ukweli wote, mzee anaona mlango umefungwa, anajirusha. Haki imetendeka, hata kama imetendeka kwa mkono wa mkosaji mwenyewe. Ukifunga kitabu unalala. Hadithi nyingi tulizokua nazo, kuanzia za bibi mpaka za darasani, zinaisha hivo na hakuna ubaya wowote.

Sasa twende kwenye dakika za kwanza za tamthilia, maana mi naamini kabisa kwamba mwisho wa paa ulibadilika pale, episodi ya kwanza, hata kabla hujajua jina la mtu yeyote.

Urquhart amekaa peke yake. Mkononi ana picha ya Margaret Thatcher kwenye fremu, anaitazama. Anasema taratibu kwamba hakuna kinachodumu milele, hata utawala mrefu kuliko yote na unaong'aa kuliko yote iko siku lazima uishe. Anailaza picha kifudifudi mezani. Kisha, na hapa ndo penyewe, anageuza uso anatuangalia sisi. Sio anaangalia upande wetu, anatuangalia machoni, kama mwenyeji aliyekuona umesimama mlangoni akakukaribisha ndani. Anaanza kutupitisha kwenye orodha ya wanaotaka kiti, huyu ana hili, yule ana lile, anawachambua kama mtu anaechambua mchele, kwa sauti tamu isiyo na haraka. Na yeye je? Aa, yeye hapana, yeye ni mnadhimu tu, mtumishi, kazi yake kuwatembezea fimbo kidogo waruke. Unacheka. Hapo ameshakupata.

Kwenye riwaya hiki kitu hakipo. Kule Urquhart anasimuliwa kwa nje kama mhusika mwingine yeyote, haongei na msomaji hata mara moja. Ni Davies aliyeamua mzee atuongeleshe, na hakuna siri ametoa wapi, ni kwa Shakespeare, Richard wa Tatu anaefunga mlango na kuwaambia watazamaji mipango yake yote ya kuua ndugu zake ili avae taji. Richardson ile mitindo ya jukwaani alikuwa nayo kwenye damu. Na mke wa Urquhart, Elizabeth, aliyeigizwa na Diane Fletcher, waliosoma Makbeth, ile tafsiri ya Shakespeare ya S. S. Mushi, watamtambua mara moja, ni yule mke anaesukuma taratibu kutoka nyuma, hanyanyui sauti, anamwambia mumewe unaweza. Kwenye riwaya mke ana jina jingine, anapita tu, hayumo kwenye njama.

Kuna kitu cha ajabu kilitokea wiki ile ambacho hakuna mwandishi wa skripti angeweza kukipanga. Episodi ya kwanza, na ile picha ya Thatcher kulazwa kifudifudi, imeonyeshwa Jumapili. Jumanne tarehe 20 Novemba wabunge wa Conservative wenyewe, wa kweli, wakapiga kura ya uongozi wa chama, Thatcher akapata 204 na mpinzani wake Michael Heseltine 152, amemshinda lakini kwa kanuni za chama amepungukiwa kura 4 za kumaliza mchezo. Alhamisi tarehe 22 akatangaza kuachia ngazi baada ya miaka 11. Episodi ya pili inarushwa Jumapili iliyofuata, tarehe 25, nchi nzima iko katikati ya mbio zilezile wanazoziona kwenye tivii, wagombea, hesabu za kura, ahadi za pembeni. Jumanne tarehe 27 John Major anashinda. Fikiria umekaa sebuleni London siku hizo, unazima taarifa ya habari unawasha tamthilia na huoni tofauti zaidi ya kwamba kwenye tamthilia kuna mtu anaekuelezea kwa uaminifu nani anamchoma nani kisu. Wanasiasa wa kweli hawakuwa wanakuelezea. Urquhart alikuwa anakuelezea.

Neno uaminifu nimelitumia kwa makusudi. Kwenye ile tamthilia nzima Urquhart anamdanganya kila mtu, waziri mkuu, rafiki, mpenzi, chama. Sisi peke yetu ndo hajatudanganya, au ndo tunavyodhani. Anatupa siri kabla ya kuitenda. Na Mswahili anajua mtu akishakupa siri yake keshakufunga, ukikaa nayo umekuwa mwenzie. Tunakaa nayo. Episodi mbili za mwanzo tunafurahia kabisa, kwa sababu anaowaangusha ni watu wa ovyo, wana majigambo, wana unafiki, na yeye ana akili kuliko wote chumbani, unajikuta unaombea ule mpango wa hisa usishtukiwe. Na kuna ile kauli yake iliyokuja kuwa maarufu mpaka bungeni kwenyewe watu wakawa wanaitumia, mwandishi akimtajia jambo la siri yeye anajibu kwa upole: unaweza kabisa ukafikiri hivyo, mimi siwezi kusema lolote. Anaithibitisha habari bila kuisema. Anaesema ni wewe. Ukiitazama vizuri ndivyo anavyotufanyia na sisi muda wote, anatuachia tumalizie wenyewe.

Afu inakuja siku ya O'Neill. Huyu jamaa wa kokeni ameanza kulegea, anajua mengi mno, anaweza kuropoka muda wowote. Urquhart anamkaribisha nyumbani kwake kijijini, anamnywesha vizuri, anamwacha alale, anachukua ule unga wake anauchanganya na sumu ya panya. Kuna panya kwenye hii tamthilia tangu mwanzo, kamera inawaonyesha wanakimbia gizani mitaa ya Westminster katikati ya matukio na unajiuliza wa nini, kumbe. Na wakati anachanganya anatugeukia. Anatupa sababu zake. Anaongea kwa sauti ileile ya mwanzo, sauti ya mwenyeji mkarimu, ila sasa mikononi ana kifo cha mtu anaemuamini, amelala chumba cha pili. Kesho yake O'Neill anafia chooni kwenye kituo cha kupumzikia cha barabara kuu. Mimi mara ya kwanza kuiona hii sehemu nilitaka kuangalia pembeni nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nacheka nae dakika kumi tu zilizopita na yeye anajua kwamba nilikuwa nacheka.

Sasa rudi kwenye paa na ujiulize kama ule mwisho wa riwaya ungewezekana tena. Davies angemwacha Urquhart ajirushe, nini kingetokea kwetu? Tungepona. Yule mtu tuliyekaa nae masaa manne, tukala siri zake, tukamshangilia, anakufa na dhambi zake zote na sisi tunatoka safi, tunasema mbaya kapata alichostahili, tunaenda kulala. Ingekuwa uongo. Kwenye kitabu sio uongo kwa sababu kitabu hakikutufanya wenzie, kilituweka nje ya dirisha tunachungulia. Tivii ilitufungulia mlango na kutukalisha mezani. Mtu aliyekaa mezani hawezi kutoka bila kunuka chakula. Ndo maana nasema Davies hakubadilisha mwisho, alibadilisha mwanzo, na mwisho ukabadilika wenyewe kwa kufuata.

Na angalia alivyoupanga. Kwenye riwaya Mattie na Urquhart hawana mapenzi, hata kuonana hawaonani sana, Mattie yuko na mwandishi mwenzie. Kwenye tamthilia, Mattie wa Susannah Harker anaanza kama mwandishi anaetafuta habari, Urquhart anampa tonge moja moja, na kidogo kidogo inakuwa mapenzi, tena mke wa Urquhart anajua na anayabariki kwa sababu yana faida. Ila ni mapenzi ya namna yake. Mattie anataka kumwita baba. Anamuomba ruhusa kabisa amwite hivo. Inakera kuitazama, na nadhani ilikusudiwa ikere, kwa sababu unaona anachotafuta kwa huyu mzee ni kitu ambacho mzee hana hata chembe.

Kule juu ya paa Mattie ameshajua kuhusu O'Neill. Anamuuliza. Kirekoda chake kidogo cha kaseti kinazunguka. Na bado, hata pale, anamwambia anaweza kumuamini, yuko upande wake, anachotaka ni ukweli tu kutoka mdomoni kwake. Mzee anamtazama na unaona kabisa anapima, ule uso unapita kwenye kitu kama huzuni. Anawezaje kumuamini? Hilo ndo swali lake. Anamnyanyua anamrusha. Na wakati anaanguka anapiga kelele moja, neno moja: baba. Sio jina lake, sio msaada. Lile neno alilompa mwenyewe.

Halafu gari, halafu njia ya kwenda kasri la Buckingham kukabidhiwa nchi. Na kule chini, mkono wa mtu tusiyemuona unaokota kirekoda.

Hapo ndo unagundua umefanyiwa nini. Umeshuhudia mauaji mawili, una ushahidi wote, muuaji alikwambia mwenyewe, na huna pa kwenda. Wote tulionyamaza tumo. Sijawahi kuona kazi ya tivii inayomshika mtazamaji shati namna ile, na ilipatikana kwa kwenda kinyume na kitabu, sio kwa kukifuata.

Ila kuna gharama, na siwezi kuipita. Gharama ni Mattie. Kwenye riwaya ya 1989 huyu dada ana kazi yake, ana akili yake, anachimba, anafika mwisho, na anaposimama mbele ya mwenye madaraka ni mwenye madaraka anaeshindwa kustahimili. Anabaki hai. Kwenye tamthilia amepewa mapenzi na mtu anaemchunguza, amepewa kiu ya baba, na mwisho amepewa kifo, na kile kifo ni kwa ajili ya kutuonyesha sisi Urquhart ni mtu gani. Tumeshaona sana wanawake kwenye hadithi wakiuawa ili mwanaume aeleweke zaidi. Harker anaigiza vizuri kiasi kwamba Mattie anabaki mtu mpaka mwisho, macho yake yale makubwa hayajawahi kuwa ya mjinga, lakini kwenye karatasi, kwenye skripti, ameporwa. Naona yote mawili kwa pamoja: kwamba ule mwisho ulikuwa sahihi kwa ile tamthilia na kwamba kuna mtu ameulipia. Mtu akiniambia Davies angeweza kupata njia ya kumwacha Urquhart ashinde bila kumfanya Mattie binti anaelilia baba, sina jibu la kumpinga. Kirekoda kingeweza kubaki kinazunguka mfukoni kwa mwandishi aliye kazini tu, bila kitanda, na bado angetupwa.

Mimi mwenyewe huwa naandika michezo ya redio, na mara mbili nimepewa kitabu cha mtu nikigeuze kiwe mchezo. Ile ya kwanza niliogopa sana kugusa chochote, nikabeba mazungumzo neno kwa neno, matukio yote kwa mpangilio wake, na ikatoka kitu kimekufa, waigizaji wanasoma lakini hakuna anaepumua. Mwenye kitabu mwenyewe alisikiliza nusu akaniambia kijana, hiki ni kitabu changu kinasomwa kwa sauti, mchezo uko wapi? Nilijifunza hapo kwamba ukihamisha hadithi kutoka chombo kimoja kwenda kingine swali la kwanza ni msikilizaji amekaa wapi. Ukishamhamisha kiti, mengine yote inabidi uyapime upya, hata lile ambalo mwenye kitabu analipenda kuliko yote, hata mwisho. Kwaiyo ninapoona Davies amegusa hadi maiti simuoni kama mtu asiyeheshimu kitabu, namuona mtu aliyekaa akahesabu mpaka mwisho. Ile kazi ilimpa tuzo ya Emmy ya uandishi, na Richardson akapata tuzo ya BAFTA ya muigizaji bora.

Na Dobbs je? Hapa kisa kinanoga. Kitabu chake kilimuua Urquhart. Tivii imemuacha hai, na watu wanamtaka. Akafanya jambo ambalo waandishi wachache wangekubali, akaandika riwaya ya pili, To Play the King, ambamo Urquhart yupo hai na ni waziri mkuu, kana kwamba ile kuruka haikuwahi kuandikwa. Kwa maneno mengine mwenye hadithi aliifuata tamthilia. BBC ikaigeuza nayo 1993, na kile kirekoda kilichookotwa kikarudi kumtesa Urquhart, maana kiliangukia mikononi mwa msaidizi wake mwenyewe, Tim Stamper. Sauti ya Mattie ikiita baba inamrudia mzee kichwani, miaka inapita hainyamazi, na huo ndo ushahidi mwingine kwamba lile neno moja lilikuwa limebeba zaidi ya sehemu ya paa.

Ila uvumilivu wa Dobbs ulikuwa na mpaka. Ya tatu, The Final Cut, 1995, inafungua na mazishi ya Margaret Thatcher. Thatcher alikuwa bado hai, alifariki 2013. Dobbs alikasirika akataka jina lake litolewe kwenye majina yanayopita mwishoni. Yule mama alimkaripia mpaka akaandika riwaya ya hasira, lakini kumzika akiwa anapumua, hapana, hilo hakuliweza. Mi namuelewa. Kuna vitu unakubali wakuguse kwenye kitabu chako, afu kuna heshima ya mtu, na hivyo ni vitu viwili.

Wamarekani walipoichukua walikutana na tatizo lilelile la paa wakalitatua kwa namna yao. Zoe Barnes, ambae ndo Mattie wa kwao, anasukumwa mbele ya treni ya chini ya ardhi, ila hasukumwi mwishoni, anasukumwa episodi ya kwanza ya sizoni ya pili, 2014, wakati mtazamaji hajajiandaa. Kwa mshtuko walishinda, nakumbuka nilisimama. Ila ukiziweka pamoja unaona walichopoteza. Sizoni inaendelea, kuna episodi nyingi mbele, Frank anatugeukia baadae kana kwamba tuna safari ndefu pamoja. Kule kwa Waingereza, baada ya lile anguko hakuna pa kujificha, majina yanaanza kupita, tivii inazimwa, umebaki wewe na kioo cheusi.

Ikaja 2013, riwaya ya kwanza inachapishwa upya sababu ya ile ya Netflix, na Dobbs akaipitia upya yote aiweke sawa na tamthilia na vitabu vyake viwili vilivyofuata. Gazeti la Mattie, ambalo mwanzo lilikuwa Daily Telegraph, likawa Chronicle kama kwenye tivii. Na alipofika kwenye paa, yule bwana aliyeanza na herufi mbili na chupa ya mvinyo kule Gozo akafuta kifo cha Urquhart kwa mkono wake na kuandika kifo cha Mattie. Anaenunua kitabu leo ndo anachosoma hicho. Mattie anaeshuka kutoka kwenye lile paa kwa miguu yake anapatikana kwenye nakala za zamani tu, kwa hiyo ukiikuta kwenye mitumba ya vitabu, geuza ukurasa wa mbele uangalie mwaka, na kama umeandikwa 1989, ichukue.